Dola Saba kwa Mwezi: Kikosi cha 54 cha Massachusetts na Vita Vyake vya Pili

Mwaka 1863, askari mzungu asiye na cheo katika jeshi la Marekani alilipwa dola 13 kwa mwezi, na juu yake akapewa dola 3 na nusu za sare. Askari mweusi aliyebeba bunduki ya aina ileile, akalala kwenye tope lilelile na kupigwa risasi na adui yuleyule, alipangiwa dola 10, kisha akakatwa dola 3 za sare hiyohiyo, akabaki na dola 7 mkononi. Hesabu hii ndiyo inayonirudisha kila mara kwenye habari za Kikosi cha 54 cha Massachusetts, kikosi cha askari wa miguu wa kujitolea kilichoundwa katikati ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, kati ya serikali ya Muungano ya Kaskazini na majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Wanaokijua kikosi hiki wengi wao hukijua kwa usiku mmoja tu, ule wa tarehe 18 Julai 1863 mbele ya ngome ya Wagner. Usiku ule ulikuwa mkubwa, nami nitaueleza, lakini kwa maoni yangu vita vilivyowapima watu hawa zaidi vilidumu zaidi ya mwaka mmoja, na aliyesimama upande wa pili alikuwa serikali ileile waliyokuwa wakiipigania.

Hadi mwisho wa mwaka 1862, watu weusi wa majimbo ya Kaskazini waliojitokeza kupigana walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa maelezo kwamba hivyo ni vita vya wazungu. Sheria ya tarehe 17 Julai 1862 iliruhusu serikali kuwatumia watu wenye asili ya Afrika, ila walioiandika walikuwa na picha ya vibarua kichwani: wachimba mahandaki, wapishi, wabeba mizigo waliotoroka mashamba ya Kusini. Ndiyo maana sheria hiyo ikataja dola 10. Tangazo la Rais Abraham Lincoln la tarehe 1 Januari 1863, lililowatangaza huru watumwa wa majimbo yaliyoasi, lilifungua pia mlango wa kuwaandikisha watu weusi kama askari, na tarehe 26 Januari Gavana John Andrew wa Massachusetts akapata kibali cha Wizara ya Vita kuunda kikosi. Andrew aliwaahidi waziwazi watakaojiunga kwamba watalipwa, watavikwa na kutendewa sawa na askari wengine wote wa jimbo lake. Ahadi hiyo aliitoa kwa moyo safi, naye akaihangaikia hadi mwisho, lakini mshahara haukutoka kwenye hazina yake.

Massachusetts haikuwa na watu weusi wa kutosha kujaza kikosi cha watu elfu moja. Mfanyabiashara George Stearns akasimamia mtandao wa waandikishaji uliofika hadi majimbo ya magharibi na Kanada, na miongoni mwa waliohubiri kazi hiyo alikuwa Frederick Douglass, mtumwa wa zamani aliyekuwa sauti kubwa kuliko zote ya watu weusi nchini humo. Wanawe wawili, Charles na Lewis, walijiandikisha, na Lewis akawa sajenti meja wa kikosi. Wengi wa waliokuja walikuwa wamezaliwa huru: wakulima wa Pennsylvania, vinyozi wa Ohio, mabaharia wa New Bedford. James Henry Gooding alikuwa amesafiri katika merikebu za kuwinda nyangumi kabla ya kuwa koplo. William Carney alizaliwa utumwani Norfolk, Virginia, na vita vilipoanza alikuwa akijiandaa kuwa mhubiri. Maofisa, kwa sharti la Washington, walikuwa wazungu watupu. Mkuu wao, Kanali Robert Gould Shaw, alikuwa kijana wa miaka 25, mtoto wa familia tajiri ya Boston iliyopinga utumwa, ambaye mwanzoni aliikataa nafasi hiyo kisha akaikubali.

(Jimbo hili lina uhusiano na pwani yetu ambao hatuukumbuki sana. Tangu miaka ya 1830 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakileta Unguja marobota ya merikani, kitambaa kilichofumwa katika viwanda vya jimbo lao kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa Kusini. Vita vilipozuia pamba isitoke, merikani iliadimika hata huku. Hivyo jimbo lililowapa watu weusi bunduki lilikuwa limenenepa kwa jasho la watu weusi wengine, na sidhani kama Gavana Andrew mwenyewe angelibisha hilo.)

Mazoezi yalifanyika Readville, nje kidogo ya Boston, na yalipokwisha watu walikuwa wamezidi, ikabidi kikosi kingine, cha 55, kianzishwe. Tarehe 28 Mei 1863 askari wa kikosi cha 54 walipita katikati ya Boston wakielekea bandarini, umati ukiwashangilia njia nzima, na miguu yao ikakanyaga Mtaa wa State, ambako miaka tisa tu kabla mtumwa mtoro Anthony Burns alipitishwa kati ya safu za askari wenye singe akirudishwa utumwani Virginia. Walijua pia wanakokwenda ni wapi. Mapema mwezi uleule Bunge la majimbo yaliyojitenga lilikuwa limepitisha azimio kwamba ofisa mzungu atakayekamatwa akiongoza askari weusi anaweza kuuawa, na askari weusi wenyewe watakabidhiwa kwa serikali za majimbo, jambo ambalo kwa kawaida lilimaanisha kunyongwa au kuuzwa.

Waliteremka kwenye visiwa vya pwani ya Carolina Kusini mwanzoni mwa Juni. Kazi yao ya kwanza iliwatia aibu: tarehe 11 Juni, kwa amri ya Kanali James Montgomery aliyekuwa juu ya Shaw, mji mdogo wa Darien, Georgia, uliokuwa karibu mtupu na usio na ulinzi, ulipekuliwa na kutiwa moto. Shaw alichukizwa mno, na akalalamika kwa maandishi kwamba askari wake hawakuja kuwa wachomaji wa nyumba. Mwishoni mwa mwezi huo ndipo habari za dola 10 zilipowafikia. Shaw alimwandikia gavana kwamba ama watu hawa walipwe kamili, ama waruhusiwe kuondoka jeshini, kwa kuwa waliandikishwa kwa ahadi nyingine. Wiki mbili na ushei baadaye alikuwa amekufa.

Tarehe 16 Julai, kwenye kisiwa cha James, kombania za kikosi cha 54 zilizokuwa zamu ya ulinzi zilishambuliwa alfajiri na zikasimama imara kiasi cha kukipa kikosi cha 10 cha Connecticut nafasi ya kurudi nyuma salama. Usiku ule wakaamriwa kuondoka. Walitembea gizani chini ya mvua ya radi, mmoja nyuma ya mwingine juu ya mbao nyembamba zilizotandazwa kwenye vinamasi, wakangoja meli kwenye mchanga chini ya jua la mchana, na walipofika kisiwa cha Morris jioni ya tarehe 18 walikuwa karibu hawajalala wala kula chochote cha maana kwa siku mbili. Jenerali George Strong alimuuliza Shaw kama angependa kikosi chake kitangulie. Shaw alikubali, kwa sababu alitaka watu wake wapigane mbele ya macho ya wazungu ili ubishi kuhusu uwezo wao wa kupigana uishe.

Ngome ya Wagner ililinda mlango wa bandari ya Charleston. Kuta zake zilikuwa za mchanga, magogo ya palmeto, mti wa jamii ya minazi, na mabunda ya nyasi, na hapo ndipo ubora wake ulipokuwa: ukuta wa mawe hupasuka ukipigwa na mzinga, lakini mchanga humeza kombora na kuporomoka tu mahali pake. Siku nzima mizinga ya nchi kavu na ya manowari iliipiga, na majenerali wa Kaskazini wakaamini kwamba ndani hakuna aliyesalia. Walinzi kama 1,700 walikuwa wamejificha katika handaki kubwa lililofunikwa kwa magogo na mchanga, na mizinga iliponyamaza wengi wao wakatoka wazima. Njia ya kuifikia ngome ilikuwa ufuko mwembamba, bahari mkono wa kulia, kinamasi mkono wa kushoto, kiasi kwamba mahali pamoja askari wa pembeni walikuwa wakikimbia ndani ya maji.

Askari 600 walilala kifudifudi mchangani wakingoja giza. Strong aliwauliza ni nani ataiokota bendera mwenye kuibeba akianguka, Shaw akatoa sigara mdomoni na kujibu kwamba ataiokota yeye. Yapata saa mbili kasorobo usiku wakaondoka kwa mwendo wa kawaida, kisha wa haraka, na walipofika umbali mfupi kutoka ukutani moto ukawafungukia wote kwa pamoja. Waliobaki wakavuka handaki la maji, wakapanda mteremko wa mchanga, na baadhi yao wakapigana juu ya ukuta kwa singe na vitako vya bunduki. Shaw aliuawa hapo juu. Carney aliichukua bendera ya taifa mbebaji wake alipoanguka, akaisimamisha ukutani, na ilipobidi kurudi akatambaa nayo akiwa na majeraha kadhaa, akaifikisha kwa wenzake bila kuiacha iguse ardhi. Nishani ya Heshima ya Bunge, kubwa kuliko zote nchini humo, alikabidhiwa tarehe 23 Mei 1900, miaka karibu 37 baadaye. Wakati huo alikuwa mzee wa miaka 60.

Vikosi vya wazungu vilivyofuata nyuma navyo vilishindwa. Kaskazini ilipoteza watu zaidi ya 1,500 waliouawa, kujeruhiwa, kukamatwa au kutoweka, walinzi wakapoteza wasiozidi mia mbili na kitu. Katika watu 600 wa kikosi cha 54, takriban 270 hawakuitikia majina yao. Maofisa walikuwa wamepukutika kiasi kwamba aliyewakusanya waliobaki na kushika uongozi usiku ule alikuwa Kapteni Luis Emilio wa Salem, ambaye umri wake ulikuwa miaka 18. Walinzi wa ngome walimzika Shaw katika shimo moja na askari wake, na kwa desturi ya vita vile hiyo ilikusudiwa kuwa dharau kwa ofisa. Baba yake alipopewa habari kwamba huenda mwili ukafukuliwa, aliomba kwa maandishi uachwe hapo hapo pamoja na watu wake.

Hapa kuna tarehe mbili zinazopaswa kusomwa pamoja. Siku tano kabla ya Wagner, tarehe 13 Julai, wazungu wa New York waliopinga kuandikishwa jeshini kwa lazima walianza ghasia za siku nne, wakawawinda watu weusi mitaani na kuwaua, na wakachoma moto nyumba ya mayatima weusi ya jiji hilo, ile ambayo Koplo Gooding alilelewa utotoni. Sajenti Robert Simmons, mzaliwa wa Bermuda aliyewahi kutumikia jeshi la Waingereza, alijeruhiwa na kukamatwa Wagner na akafia Charleston baada ya kukatwa mkono. Siku chache kabla ya shambulio la Wagner, mpwa wake, mtoto wa miaka saba, alikuwa ameuawa na umati huohuo wa New York.

Nimeyaeleza haya kwa urefu ili uzito wa jambo linalofuata uonekane. Baada ya yote hayo, mlipaji wa jeshi alipofika kisiwani na masanduku yake, bado alileta dola 10 zenye makato, na kikosi kizima kikakataa kuzipokea. Alirudi tena, wakakataa tena. Wakati huo walikuwa hawajapata hata senti moja tangu waondoke Boston, na kazi yao ya kila siku katika kuizingira Wagner ilikuwa kuchimba mahandaki usiku chini ya makombora. Vikosi vingine vya wazungu vilifikia hata kuwatumia askari weusi kuwapigia mahema na kuwasafishia kambi, hadi Jenerali Quincy Gillmore alipopiga marufuku mtindo huo mwezi Septemba. Ndipo tarehe 28 Septemba 1863 Gooding akaketi kisiwani Morris na kumwandikia Lincoln moja kwa moja. Barua hiyo ina adabu yote ya mtu anayemwandikia mkuu wa nchi, na swali lake halikwepeki: je, sisi ni askari au ni vibarua? Anaeleza kwamba wametimiza kazi ya askari, basi kwa nini wasipate mshahara wa askari? Koplo huyu alikuwa ameiona sheria ya 1862 na kuelewa kilipo kidonda. Tofauti ya dola chache ilikuwa namna ya serikali kuwaandika kwenye daftari la vibarua huku ikiwapeleka mbele ya mizinga.

Gavana Andrew, kwa fedheha ya ahadi iliyovunjwa na wengine, aliliomba Bunge la jimbo lake litoe fedha za kujazia pengo, na mwezi Novemba likakubali. Kila askari angepata dola zake 13, sehemu kutoka Washington na sehemu kutoka Boston. Wakakataa hata hizo. Kwangu mimi hili ndilo tendo kubwa kuliko yote katika utumishi wao, na ni gumu kuliko kupanda ukuta wa Wagner, kwa sababu ukutani mtu hupanda mara moja akiwa amezungukwa na wenzake, lakini kukataa huku kulipaswa kufanywa upya kila barua ya nyumbani ilipofika. Wake zao walikuwa wakiuza vitu vya ndani, na wengine walikuwa wakiingia katika makao ya umma ya kutunzia maskini. Walioonewa huruma na gavana wangeweza kuchukua fedha na hakuna ambaye angewalaumu. Jibu lao lilikuwa kwamba hawadai huruma ya Massachusetts. Wanadai serikali ya Marekani iwatambue kuwa askari, na fedha za jimbo zingeifichia serikali hiyo aibu yake.

Tena hawakuwa na kinga. Sajenti William Walker wa kikosi cha 3 cha Carolina Kusini, kilichoundwa na watu waliotoka utumwani, aliiongoza kombania yake mwezi Novemba 1863 kuweka bunduki chini mbele ya hema la mkuu wao, akisema kwamba serikali isiyotimiza mkataba haiwezi kudai utumishi. Alihukumiwa kwa uasi na kupigwa risasi tarehe 29 Februari 1864. Askari wa kikosi cha 54 walichagua njia nyembamba kuliko hiyo, kutii kila amri na kukataa kila malipo, ingawa manung'uniko yalifika mahali pa hatari zaidi ya mara moja.

Tarehe 20 Februari 1864 waliingia katika mapigano ya Olustee, Florida, wakiongozwa na Kanali Edward Hallowell aliyepona majeraha ya Wagner. Jeshi la Kaskazini, watu kama 5,500, lilikuwa limejitumbukiza katika msitu wa misonobari na kushindwa vibaya. Kikosi cha 54 kiliitwa kutoka nyuma, askari wakatupa mabegi yao njiani wakikimbia, na wakaingia vitani wakipiga kelele za kuishangilia Massachusetts na dola saba kwa mwezi. Sijui kejeli kali kuliko hiyo katika vita vyote vile. Pamoja na kikosi cha 35 cha askari weusi waliwazuia adui hadi wenzao wakapata njia ya kurudi. Siku mbili baadaye, treni iliyojaa majeruhi iliharibika injini, na adui alikuwa hajulikani yuko umbali gani nyuma. Askari hawa, waliokuwa wamepigana na kutembea usiku, walirudishwa nyuma kwa miguu, wakafunga kamba kwenye injini na mabehewa, wakalikokota lote kwa nguvu za mikono maili kadhaa mpaka kambi ya Finegan, ambako farasi waliwasaidia kulifikisha Jacksonville. Gooding hakuwa miongoni mwao. Alijeruhiwa na kukamatwa Olustee, akafia katika gereza la Andersonville, Georgia, tarehe 19 Julai 1864.

Mwezi mmoja kabla ya kifo chake, tarehe 15 Juni, Bunge la Marekani lilikuwa limekubali. Hata hivyo liliweka kizingiti: malipo sawa yangehesabiwa kuanzia siku ya kuandikishwa kwa wale tu waliokuwa huru tarehe 19 Aprili 1861, na wengine wote kuanzia Januari 1864. Maana yake ni kwamba katika kombania moja, waliokataa pamoja wangelipwa kwa mafungu mawili, na aliyewahi kuwa mtumwa angeadhibiwa kwa kosa la bwana wake. Hallowell, aliyetoka katika familia ya Wakwekari wa Philadelphia, dhehebu la Kikristo lililopinga utumwa, akatunga kiapo ambacho askari yeyote angeweza kukila bila kusema uongo: kwamba kufikia tarehe hiyo hakuwa na deni la kazi ya bure kwa mtu yeyote. Kwa sheria ya Virginia Carney alikuwa na deni la namna hiyo tangu kuzaliwa. Kwa sheria ya Mungu, kama walivyoiamini wale walioapa, hakuna aliyewahi kuwa nalo. Waliapa. Mwishoni mwa Septemba 1864 walilipwa, na kukilipa kikosi hicho kimoja malimbikizo yake kulihitaji takriban dola 170,000. Lakini vikosi vya waliotoka utumwani moja kwa moja, kama kile cha Walker, vilingoja hadi sheria nyingine ya Machi 1865, na sipendi namna habari hii inavyosimuliwa mara nyingi kana kwamba Juni 1864 ilimaliza kila kitu.

Utumishi uliobaki naupitia kwa haraka. Vuli ile ile walipewa kazi ya kuwalinda maofisa 600 mateka wa Kusini kisiwani Morris, walipigana Honey Hill tarehe 30 Novemba, na pambano lao la mwisho lilikuwa Boykin's Mill tarehe 18 Aprili 1865, siku tisa baada ya Jenerali Lee, kamanda wa jeshi la Kusini, kusalimu amri. Dai la cheo nalo lilienda kwa mwendo wa dai la mshahara: Sajenti Stephen Swails, aliyejeruhiwa Olustee, aliteuliwa na Andrew kuwa luteni mwezi Machi 1864, na Wizara ya Vita ikaikalia karatasi hiyo kwa sababu ya rangi yake hadi Januari 1865. Baada ya vita alikaa Carolina Kusini, akawa seneta wa jimbo na meya wa Kingstree. Kikosi kilivunjwa Boston tarehe 2 Septemba 1865.

Mnara wao, kazi ya Augustus Saint-Gaudens, ulizinduliwa tarehe 31 Mei 1897 mbele ya jengo la serikali ya jimbo, Carney akiwa miongoni mwa waliohudhuria. Shaw yuko juu ya farasi na askari wanatembea ubavuni mwake, kila mmoja na sura yake, kwa kuwa mchongaji aliwalipa watu weusi halisi wakae mbele yake awachonge. Nyuma ya mnara yalichongwa tangu mwanzo majina ya maofisa wazungu waliokufa. Majina ya askari waliokufa Wagner yaliongezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980.